Kununua parseli ao kupanga nyumba Kiwanja na Goma: chunguza kwanza, feza itoke mwisho

« Papa, fanya mbio, kuko mwingine mwenye anaitafuta parseli hii. Kesho asubui hautaikuta tena. » Mtu yeyote mwenye alishatafuta parseli ao nyumba hapa Kiwanja, Rutshuru ao Goma anaijua sauti hii. Unatoa feza mbio, unapewa karatasi yenye kashe, unaanza kubeba mawe ya kujengea. Kisha siku moja mtu anasimama mbele ya parseli na karatasi yake, nayo iko na kashe, anasema: hapa ni kwangu.

Feza ya parseli si feza ya kucheza. Kwa wengi wetu ni mavuno ya miaka mingi, ni ngombe zenye ziliuzishwa, ni likilimba ya wamama, ni dolari zenye mtoto alituma toka Kampala ao Ulaya. Ikipotea, mara mingi hairudi. Tena mabishano ya parseli yanaweza kugawanya jamaa na kufikisha wajirani kwa mapanga.

Ndiyo sababu tunaeleza hapa namna ya kuchunguza mbele ya kununua ao kupanga. Kuna mambo matatu: karatasi, mtu mwenye anauzisha, na udongo wenyewe. Feza inakuja nyuma ya yote matatu.

Udongo ni wa Leta, sasa unanunua nini?

Sheria yenye inaongoza mambo ya udongo katika Kongo ni sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, yenye ilibadilishwa kwa sehemu tarehe 18 mwezi wa saba 1980. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Leta peke yake. Kwa hiyo mtu akikuambia « ninakuuzishia udongo », kisheria anakuachia haki yake ya kuutumia, yenye tunaita konsesio, pamoja na nyumba na miti yenye iko juu yake. Kama yeye mwenyewe hana haki ile, hana kitu cha kukuuzishia, hata kama anaonyesha karatasi kumi.

Konsesio ziko za namna mbili kubwa. Konsesio ya milele inapewa Mkongomani, mtu binafsi. Wageni na makampuni wanapata konsesio ya kawaida, yenye iko na muda wake, kwa mfano miaka 25 yenye inaweza kufanywa upya. Sisi wenye tunaishi karibu na mipaka ya Uganda na Rwanda, ni vizuri tujue tofauti hiyo.

Katika vijiji vya sheferi ya Bwisha na kwingine, wazazi wetu walipata udongo kwa njia ya desturi: mwami, shefu wa grupema, shefu wa kijiji. Sheria ya 1973 iliingiza udongo huo pia katika mali ya Leta, ikasema haki za wenye wanaukaa zitapangwa na ordonansi ya Rais. Miaka mingi ikapita bila ordonansi ile kutoka. Matokeo yake tunayaona kila siku: karatasi ya shefu na karatasi ya Leta zinatembea pamoja, na wakati mwingine zinagongana juu ya parseli moja.

Karatasi hazina nguvu sawa

Watu wengi wanasema « iko na document » bila kuuliza ni document gani. Tuziangalie moja moja.

Ya kwanza ni karatasi ya kuuzishana, yenye inaandikwa « Acte de vente ». Muuzaji na mnunuzi wanatia saini, mashahidi wanatia yao, shefu anaweka kashe. Karatasi hii inaonyesha kwamba fulani aliuzishia fulani. Haionyeshi kwamba mwenye kuuzisha alikuwa na haki ya kuuzisha. Mwizi pia anaweza kutia saini.

Ya pili, katika mji, ni « Fiche parcellaire ». Inaonyesha nani aliandikwa kuwa mwenye parseli. Inasaidia sana kujua historia ya mahali, lakini si mwisho wa safari.

Ya tatu ni « Contrat de location ». Hapa watu wanajichanganya. Si kontra ya mpangaji na mwenye nyumba. Ni kontra kati ya mtu na Leta: Leta inakupa parseli kwa muda, kwa kawaida miaka tatu, ili ujenge ao uitumie vizuri. Ukishajenga, unaomba konsesio. Kama unanunua kwa mtu mwenye iko na karatasi hiyo, angalia tarehe. Kama muda ulishapita na hakujenga kitu, uliza ofisini kama haki yake ingali inasimama.

Ya ine ni « Certificat d'enregistrement ». Watu wengi wanaiita titre tu. Hii njo karatasi kubwa. Kifungu cha 219 cha sheria ya 1973 kinasema haki ya konsesio inasimama kisheria kwa sertifika hii peke yake. Na kifungu cha 227 kinaongeza jambo lenye kila mtu anapaswa kulijua: sertifika ikishamaliza miaka mbili, kwa kanuni haiwezi tena kuvunjwa. Mwenye aliibiwa haki yake anabaki paka na njia ya kuomba malipo ya hasara.

Maana yake ni nini kwako? Kama umenunua kwa karatasi ya shefu ukalala, na mtu mwingine akaenda ofisini akatoa sertifika juu ya parseli yako, kila mwezi wenye unapita unamfaidisha yeye.

Namna ya kuchunguza sertifika

Usiridhike na fotokopi yenye komisioneri anatembea nayo katika telefone. Omba kuona karatasi yenyewe, kisha andika mambo haya: jina la mwenye parseli, nambari ya volime na ya folio, nambari ya kadastre (mara mingi inaanza na SU katika mji, SR katika vijiji), ukubwa, na mchoro wa parseli.

Na hizo nambari, enda katika ofisi ya konservateri wa vyeo vya udongo mwenye anashugulika na eneo lile. Enda kwa mchana, ndani ya ofisi. Kama « agent wa kadastre » anataka mukutane kwa nganda, jua si ofisi ile. Uliza maswali ine: parseli hii iko kwa jina la nani katika kitabu? Je, kuko ipoteke juu yake, ni kusema iliwekwa rehani kwa deni la banki? Je, kuko mtu mwenye alipinga? Je, kuko sertifika ingine juu ya parseli hii hii ao kipande chake? Omba jibu kwa maandishi.

Kisha pima. Tuseme karatasi inasema mita 20 kwa 30, ni mita za mraba 600. Ukipima mwenyewe na kamba unakuta 18 kwa 28, ni mita za mraba 504. Hapo 96 zimepotelea kwa jirani ao katika barabara, na wewe njo utazilipa bila kuzipata.

Wakati wa vita, karatasi zinataka uangalifu zaidi

Vita ilifika tena Rutshuru na Kiwanja mwishoni mwa mwezi wa kumi 2022, na Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025. Wakati utawala unabadilika, na kashe zinabadilika pia. Tulishaona jambo hili mbele: karatasi za udongo zenye zilitoka wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003 zilileta mabishano kwa miaka mingi nyuma yake. Karatasi mpya yenye inatolewa leo, kesho mtu anaweza kuipinga mbele ya tribinali.

Kwa hiyo usiishie kwa karatasi mpya. Tafuta mnyororo: kabla ya huyu, ni nani alikuwa mwenye parseli? Kabla ya yule, nani? Kila mkono wenye parseli ilipitia uwe na karatasi yake na tarehe yake. Kama mnyororo unakatika mwaka wenye watu walikuwa wamekimbia, simama hapo, uliza vizuri.

Mwenye kuuzisha ni nani?

Tuchukue mfano. Jamaa moja ya Kiwanja ilikimbia, wengine wakaenda kambini karibu ya Goma, wengine Uganda. Mdogo wa baba akarudi kwanza, akaingia katika nyumba, akailinda. Nyuma ya miezi kidogo akapata mnunuzi, akaiuzisha kwa feza kidogo. Mwenye nyumba anarudi, anakuta watu wengine wanapika katika jiko yake. Mnunuzi pia ana haki ya kulia, maana alitoa feza. Lakini mdogo wa baba aliuzisha kitu cha mwengine. Katika sheria ya makosa ya Kongo, kuuzisha nyumba ao parseli yenye si yako ni kosa, jina lake « stellionat ». Watu wa Kiwanja walikimbia 2008, wakakimbia tena 2012, tena 2022. Mifano ya namna hii si ya kutafutwa mbali.

Mbele ya kununua, hakikisha mambo haya:

Kitambulisho. Jina lenye liko juu ya karatasi ya uchaguzi ao paspoti liwe lile lile la juu ya document ya parseli. Kama muuzaji anasema anauzisha kwa niaba ya ndugu yake, aonyeshe « Procuration » yenye ilifanywa mbele ya notere. Na wewe pigia mwenyewe yule ndugu simu, kwa nambari yenye ulipata kwa mtu mwengine, si ile yenye muuzaji alikupa.

Bwana na bibi. Code de la famille, sheria ya 1987 yenye ilibadilishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016, inataka mapatano ya wote wawili wakati wa kuuzisha nyumba ao konsesio, hata ndoa yao iwe ya mpango gani wa mali. Kama papa anakuambia « mama hana neno, ni mimi kichwa cha nyumba », mwambie kwa heshima kwamba bila saini ya mama hautatoa feza. Mama naye akiuzisha, saini ya papa inafaa pia.

Parseli ya urithi. Mwenye mali akikufa, watoto wake wote ni warithi wa kwanza, wana na mabinti, pamoja na wale wa inje wenye baba aliwatambua. Sheria inawapa robo tatu ya urithi. Mjane naye iko na haki ya kuendelea kukaa katika nyumba yenye walikuwa wanaishi. Kwa hiyo mtoto wa kwanza peke yake hawezi kuuzisha. Omba karatasi ya mkutano wa jamaa, majina ya warithi wote, saini zao wote. Mmoja akikosa, ni yule atakuja kesho na avoka.

Enda kwenye udongo wenyewe

Enda mchana, enda tena magaribi, enda siku ya mvua. Enda mara moja bila komisioneri na bila muuzaji. Salimia wajirani wa pande zote ine. Uliza wazee: parseli hii ilikuwa ya nani zamani? Iliuzishwa mara ngapi? Kuko neno juu yake? Pita kwa nyumba kumi na kwa shefu wa kartie. Watu hawa wanajua mambo yenye hayaandikwi katika sertifika. Kama wajirani wanakaa kimya na kuangalia chini, hilo pia ni jibu.

Angalia mpaka wa Parke ya Virunga. Parke hii iliundwa 1925 na inagusana na mashamba yetu pahali pengi katika teritware ya Rutshuru. Mtu akikuuzishia shamba lenye liko ndani ya mpaka wa parke, hakuna kashe ya shefu yenye inaweza kulitengeneza. Utalima, kisha utatoshwa, na hakuna mwenye atakurudishia feza.

Kwa wenye wanatafuta Goma na pembeni yake, kuko mambo mawili ya volkano. La kwanza ni lava. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ililipuka tena, lava ikafika pande za Buhene. Mahali lava ilipita, mipaka ya zamani ilifunikwa. Parseli mbili zinaweza kudai mawe yale yale. Hapo pima na mtu wa kadastre, usitumainie kidole cha muuzaji.

La pili ni mazuku, gazi yenye haina rangi wala harufu, nzito kuliko hewa, yenye inajikusanya katika mashimo na mabonde, zaidi pande za mangaribi ya Goma, njia ya Sake na kando ya ziwa. Inaua. Uliza wajirani kama kuku, mbuzi ao imbwa hufa hapo bila ugonjwa, zaidi asubui. Mtoto mwenye anachezea chini iko katika hatari kuliko mtu mkubwa mwenye amesimama. Watu wa Observatoire Volcanologique de Goma wanafuata jambo hilo. Kama unanunua mahali pa chini, pita kwao uulize.

Komisioneri: anasaidia, lakini hachungi feza yako

Komisioneri si adui. Mzuri anajua kartie, anajua parseli zenye ziko na maneno, anakupunguzia kutembea bure. Lakini tukumbuke namna anakula: anapata feza wakati mumemaliza kupatana. Parseli ikikosa kuuzishwa, yeye amepoteza siku yake. Ndiyo sababu anakuambia « fanya mbio ». Si lazima awe mwongo. Ni kazi yake yenye inamsukuma.

Kwa hiyo patana naye mwanzoni, mbele ya kutembea. Utamulipa ngapi? Wengine wanaomba feza ya mwezi moja ya nyumba, wengine asilimia ya bei. Je, feza ya matembezi iko ndani ao inje? Je, muuzaji naye anamulipa? Muandike, hata kwa karatasi ndogo. Mulipe wakati funguo ziko mkononi mwako, ao wakati karatasi ya kuuzishana ilishatiwa saini.

Neno moja lisisahauliwe: usipe komisioneri feza ya nyumba ao ya parseli « amupelekee » mwenye mali. Feza inatoka mkononi mwako inaingia mkononi mwa mwenye mali, mbele ya mashahidi. Na ukiona komisioneri hataki ujue mwenye mali, aga, uende.

Siku ya kulipa

Baada ya uchunguzi wote, munaketi. Mwite muuzaji na bibi yake ao bwana yake, warithi kama ni urithi, wajirani wawili, shefu wa kartie, na shahidi wako wawili. Kama unaweza, fanya karatasi ile mbele ya notere. Iandikwe: majina yote, nambari za vitambulisho, mahali parseli iko, wajirani wa pande ine, vipimo, nambari ya sertifika kama iko, bei kwa nambari na kwa maneno, namna ya kulipa, na kwamba muuzaji atajibu kama mtu mwingine akitokea. Kila mtu atie saini kwa kila ukurasa. Mwenye hajui kusoma asomewe kwa luga yake mbele ya kutia kidole.

Kama unalipa kwa sehemu, kila sehemu iko na risiti yake. Tangu banki za Goma zilifunga milango mwezi wa kwanza 2025, wengi wanabeba dolari mfukoni. Ni hatari kwa njia na ni hatari kwa ushuhuda. Ukiweza, tuma sehemu kwa simu, maana ujumbe unabaki na tarehe na jina. Ukilipa mkononi, hesabuni mbele ya mashahidi na risiti iandikwe pale pale, isiachwe kwa kesho.

Usimalize feza yote mbele ya kupewa karatasi za zamani. Bakisha sehemu, muandike kwamba italipwa wakati karatasi zote ziko mkononi mwako.

Ukishanunua, safari haijaisha

Wengi wanaweka karatasi ya kuuzishana chini ya godoro na kuona imeisha. Lakini katika kitabu cha konservateri, jina la zamani lingali pale. Mpaka sertifika ya muuzaji ifutwe na ingine itoke kwa jina lako, haujamaliza. Omba mabadiliko hayo mapema, wakati muuzaji angali hai na mungali na mapatano. Akihama ao akikufa, utaanza kutafuta watoto wake katika miji tatu.

Kama ulinunua kwa desturi, kijijini, usingoje mabishano. Weka mipaka yenye inaonekana: miti, mawe ao ukuta. Lima ao jenga. Tunza karatasi, fanya fotokopi, piga picha, umutumie mtoto ao ndugu mwenye iko mbali. Nyumba inaweza kuchomwa. Picha yenye iko katika simu ya ndugu wa Kampala inabaki. Na ukilazimika kukimbia, document za parseli ziende na wewe, pamoja na kitambulisho na karatasi za shule za watoto.

Wenye wanapanga nyumba

Si kila mtu ananunua. Wengi wanapanga, na wao pia wako na sheria yao: sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015. Wapangaji wengi hawaijui, na wenye nyumba wengine wanafanya sawa haiko.

Garanti. Kwa nyumba ya kukaa, sheria inasema garanti isipite miezi tatu. Kwa nyumba ya biashara, isipite sita. Tuseme nyumba ni dolari 50 kwa mwezi: garanti isipite dolari 150. Mwenye nyumba akiomba miezi sita, ni dolari 300, amepita sheria mara mbili. Tunajua namna mambo iko: nyumba ni kidogo, watu ni wengi, ukikataa mwingine anaingia. Lakini ukijua sheria unaweza kuzungumza, na kama unakubali kulipa zaidi, iandikwe kwamba miezi ya juu ni malipo ya mbele, si garanti.

Garanti ni feza yako. Mwenye nyumba anaichunga na kukurudishia wakati unatoka, kama haukuharibu kitu na hauna deni. Desturi ya « kukula garanti », ni kusema kukaa miezi ya mwisho bila kulipa, inaleta magomvi mingi. Kama munaifanya, mupatane kwa maandishi.

Kontra na hali ya nyumba. Kontra iwe ya maandishi, kila mtu na kopi yake. Siku ya kuingia, tembeeni pamoja chumba kwa chumba, muandike: kioo kimoja kimevunjika, mlango wa nyuma hauna funguo, choo kimejaa. Piga picha. Siku ya kutoka, munaangalia karatasi ile ile. Bila hiyo, utalipia kioo chenye kilivunjika mbele yako.

Maji, moto, choo. Mbele ya kuingia, uliza: kompta ya umeme ni yako peke yako ao munagawana na wapangaji wengine? Nani ananunua unite, na munagawanya namna gani? Maji yanatoka siku gani, ao ni bidoni tu? Choo ni cha watu wangapi? Maswali haya madogo njo yanavunja amani ya parseli kuliko bei.

Kulipa na kutoka. Omba risiti kila mwezi. Mwenye nyumba akitaka utoke katika nyumba ya kukaa yenye kontra yake haina tarehe ya mwisho, sheria inataka akupe preavi ya miezi tatu. Wewe pia ukitaka kutoka, unampa preavi. Kutosha mlango, kukata maji ao kutupa vitu vya mtu inje kwa nguvu si njia ya sheria, hata kama mpangaji iko na deni.

Na uhakikishe kwamba mwenye anakupangishia ni mwenye nyumba kweli, ao ametumwa naye. Wakati huu wenye nyumba nyingi wako mbali, kuko walinzi na wandugu wenye wanapangisha bila ruhusa. Uliza wajirani, omba nambari ya mwenye nyumba.

Neno likitokea, enda wapi?

Anza karibu: nyumba kumi, shefu wa kartie, wazee. Mapatano yenye yanafanywa hapo yaandikwe na kutiwa saini. Kwa mambo ya nyumba ya kupanga, pita kwa servisi ya Habitat kwa upatanisho mbele ya kwenda tribinali. Kwa udongo, andika barua kwa konservateri kupinga mabadiliko yoyote juu ya parseli yako, na uchunge kopi yenye kashe ya kupokea. Hiyo barua inaweza kuzuia sertifika ingine isitoke. Mbele ya tribinali, tafuta avoka mapema. Ile miaka miwili ya kifungu cha 227 inahesabiwa tangu siku sertifika ilitoka, si tangu siku wewe ulijua.

Usimwite mtu mwenye bunduki aje kukata neno. Mwenye bunduki wa leo anaweza kuwa ameondoka kesho, na jirani yako angali pale pale, na hasira yake.

Mwenye iko karibu kununua, aandike maswali haya matano kwa karatasi na aende nayo: Karatasi gani, na ofisi inasema nini juu yake? Nani wote wanapaswa kutia saini? Wajirani wanasema nini? Mipaka imepimwa? Risiti itaandikwa na nani? Kama moja haina jibu, feza ibaki mfukoni mpaka jibu lipatikane.